Boksi la Sita

Walt Gorka anaendesha gari la kusukuma theluji la kaunti, na theluji ya Ziwa Erie si ya mchezo. Nimemwona akiteremka kilima cha Barabara ya Cherry upepo wa ziwani ukiwa umefuta kila kitu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mkate wa soseji, anapiga mluzi. Mtu huyohuyo nimemwona akishindwa kuchana nailoni ya boksi la kadi lisilozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikimtetemeka. Nilimshikia kikombe chake cha kahawa ili asijiunguze.

Mimi naitwa Norb, jirani yake wa nyumba ya pili. Nilisambaza barua mtaani kwetu hadi magoti yakagoma, na sasa asubuhi zangu nazimalizia kwenye duka la kadi la Rhonda, nikichambua lile sanduku la kadi za besiboli za senti kumi ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Wenzangu wananicheka. Waache wacheke. Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya kadi ya senti kumi.

Walt alianza kama tulivyoanza sote, utotoni, enzi ambazo ukinunua chingamu unakuta na picha ya mchezaji ndani. Chingamu yenyewe ilikuwa ngumu kama kigae na picha ilinuka sukari. Siku hizi chingamu hakuna. Kuna boksi dogo jeusi lenye kadi kumi, bei yake inakaribia mshahara wa wiki wa dereva wa kaunti, na kampuni inaahidi kwamba moja kati ya hizo kumi itakuwa na sahihi ya mchezaji, kwa wino wa mkono wake mwenyewe. Mchezaji yupi, hawasemi. Ukipata sahihi ya nyota, watu watakupigia simu toka California wakikubembeleza uwauzie. Ukipata ya kijana aliyecheza wiki mbili akarudi kwao kufuga nguruwe, unaitia mfukoni na kuanza kutafuta maneno ya kumwambia mkeo.

Boksi la kwanza kabisa alilolinunua Walt lilimpa nyota. Hapo ndipo alipoharibikia. Angekosa, angelaani kidogo, akaenda zake. Lakini alipata, akaiuza, akamnunulia mkewe Bernadine mashine mpya ya kufulia nguo, na nusu ya mtaa tukaenda kuitazama ikizunguka. Tangu siku ile amekuwa akiitafuta sahihi ya pili. Mashine bado inafua, na Bernadine huipiga teke kila inapomaliza.

“Hii ndiyo iliyoniibia mume,” huniambia. “Ingekuwa mwanamke, ningejua la kumfanya.”

Mwezi Machi wa mwaka ninaousimulia, Bernadine alifungua kisanduku cha vifaa kwenye pikapu ya mumewe akitafuta bisibisi. Alichokuta ni nailoni tupu za maboksi, zimekunjwa vizuri na kubanwa kwa mpira. Hakupiga kelele. Nimemfahamu Bernadine toka tukiwa shule ya parokia: akipiga kelele, mshukuru Mungu, akinyamaza, tafuta pa kujificha. Alipanda juu, akatia nguo zake kwenye begi la bluu, akalishusha na kuliweka karibu na mlango wa nyuma, kando ya viatu vya theluji.

“Boksi jingine likiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa mlango huohuo,” alimwambia. “Dada yangu Buffalo ana chumba.”

Walt aliapa. Aliapa pale mezani, kofia mkononi, na mimi ndiye shahidi, maana nilikuwa nimekwenda kurudisha ngazi yao. Bernadine alimsikiliza hadi mwisho, lakini begi hakuliondoa. Lilikaa palepale. Walt akivaa viatu alfajiri analiona, akivivua jioni analiona.

Na alitimiza, lazima niseme hivyo. Majira ya joto yote alitimiza, majani yakaanza kuanguka, bado anatimiza. Dukani alikuja, lakini alikuja kutazama tu. “Macho hayalipi,” alikuwa akisema, huku amesimama mbele ya kabati la kioo, mikono mifukoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Alipungua mwili. Suruali zake zilianza kushikiliwa na mkanda peke yake. Nilimwambia mara moja kwamba mtu aliyeacha pombe haendi baa kunusa, akanijibu niangalie senti kumi zangu.

Sasa, kwa Rhonda kuna desturi. Boksi halifunguliwi nje. Ukilinunua unalifungulia pale kwenye kaunta, mbele ya waliopo, kwa mkasi wa Rhonda. Unazifunika kadi zote kwa kofia yako, kisha unachomoa moja moja kutoka chini ya kofia. Ile yenye sahihi ni nene kuliko wenzake na vidole vinaijua, kwa hiyo mtu huiacha iwe ya mwisho. Ikibaki hiyo peke yake, kila mwanamume aliyemo dukani anavua kofia. Sijui nani aliyeanzisha. Kuna wanaume pale ambao hata kaburini kwa mama zao hawakuvua, lakini kwa Rhonda wanavua.

Oktoba ile Rhonda alipokea katoni moja ya yale maboksi meusi, sita ndani. Hapa sina budi kusema imani ya watu hawa, maana ndiyo iliyomponza Walt. Wanaamini kwamba kila katoni ina sahihi moja kubwa. Kampuni haijaandika hivyo popote. Niliisoma ile katoni pande zote, hata chini. Lakini waulize, watakuambia kwa sauti ya padre. Mwaka ule sahihi kubwa ilikuwa ya kijana mmoja mrushaji ambaye sote tulimwita Kushoto, kwa sababu ya mkono wake, na Kushoto alikuwa hapendi kusaini chochote. Kwa hiyo mtu makini hanunui boksi la kwanza. Anakaa, anakunywa kahawa, anawaangalia wenzake wakiumia, na katoni ikibaki na boksi moja tu na Kushoto hajatoka, basi yumo humo. Hawana shaka hata chembe.

Manne yalifunguliwa mbele ya macho yetu na hayakuwa na kitu. Duane Trask, muuza magari ya mitumba, peke yake alifungua mawili, akapiga kaunta ngumi hadi Rhonda akamtishia kwa mkasi. Yakabaki mawili kabatini. Ikaingia Novemba, na Jumanne moja Walt akaja na theluji mabegani, akatazama kabati, akakuta limebaki moja.

“Rhonda, lingine liko wapi?”

“Limeuzwa.” Rhonda alikuwa akifuta kioo kilichokwisha kufutwa.

“Nani kanunua?”

“Mpita njia tu. Jamaa wa Ohio.”

“Alifungulia hapa?”

“Alifungulia kwenye gari lake, hana adabu. Nilimwona kwa dirisha. Hakupata kitu, akaondoka amenuna.”

Ulikuwa uongo mtupu, na Rhonda alikuwa na sababu yake, nitaifikia. Wakati ule niliamini kama Walt alivyoamini. Nilimwona akimeza mate. Matano yamekwisha, Kushoto hajatoka, limebaki moja.

“Na mimi Ijumaa napokea mshahara,” alisema Duane kutoka kwenye kiti chake cha siku zote. “Hilo ni langu, mzee. Usilikodolee macho hivyo, utalitoboa.”

“Sijasema kitu.”

“Wewe hujasema, koo lako limesema. Shemeji hajambo? Na begi je, halijambo?”

Watu wakacheka. Mji mdogo, begi la mwanamke linajulikana kuliko meya. Walt akacheka nao, akatoka, na kupitia kioo nilimwona akikaa ndani ya gari la theluji muda mrefu bila kuliwasha.

Wiki hiyohiyo hita ya chini ya nyumba yao ilikufa. Ilikuwa imekohoa tangu mwaka uliopita, na Bernadine alishajiandaa: alikuwa na bahasha ya pesa za hita mpya, alizozipata kwa kuoka keki za harusi za watu. Alhamisi asubuhi akampa Walt bahasha hiyo ampelekee fundi, kwa kuwa fundi yuko njiani kwake. Ole wetu, Rhonda naye yuko njiani, tena anatangulia.

Nilipomwona akiingia na mkono ndani ya koti, kifuani, nilijua. Nilimkamata mkono kabla hajafika kaunta.

“Walt, umeshika nini humo?”

“Niache, Norb.”

“Ni ya hita hiyo. Bernadine kaniambia jana. Rudi kwenye gari, bwana.”

“Nisikilize, kaka.” Alikuwa akinong’ona na jasho linamtoka, na nje maji yameganda. “Yumo. Matano yameshafunguliwa. Kesho Duane anapokea, analichukua. Nikimtoa Kushoto leo, fundi anakuja hata na hita mbili. Bernadine hatajua chochote. Atasikia joto tu.”

“Na begi?”

Alinitazama kama mtu niliyemkanyaga kidole. “Begi nitalipandisha juu mimi mwenyewe,” alisema, akajinasua.

Rhonda alikuwa amepauka. Nilidhani anaumwa.

“Walt, usinunue hilo,” alimwambia.

“Lina kasoro?”

“Halina. Nakuomba tu. Ngoja wiki ijayo, utanishukuru.”

“Unamwekea Duane.”

“Simwekei mtu yeyote!”

“Basi niuzie, dada. Pesa zangu zina ukoma?”

Rhonda alinitazama mimi kama anayetaka nimsaidie. Sikujua nimsaidie nini. Akafungua kabati, akalitoa.

Hapo ndipo nilipomshikia kikombe cha kahawa. Mkasi uliteleza mara mbili. Alivua kofia yake ya kaunti, ya rangi ya chungwa, akafunika kadi, akaanza kuchomoa. Moja. Nyingine. Hakuzitazama hata nyuso, alizisukuma pembeni. Ikabaki moja, tukavua kofia. Aliivuta polepole kwa kidole gumba, na alipoigeuza macho yake hayakuelewa anachosoma, nikamsomea mimi: Orrin Stubbs. Mdakaji wa akiba. Aliacha besiboli mwaka uliopita na sasa anauza bima za mazishi huko Nebraska. Mwandiko wake mzuri, hilo nakiri.

Hakuna aliyecheka, hata Duane. Walt alisema, “Asante, Rhonda,” akaitia kadi ya Orrin Stubbs ndani ya bahasha iliyokuwa na pesa za hita, akatoka kichwa wazi. Kofia yake ilibaki kwenye kaunta. Rhonda akaitundika kwenye msumari nyuma yake, akaketi chini kwenye maboksi na kuanza kulia.

“Norb, nimemmaliza mtu,” alisema. “Hakuna jamaa wa Ohio. Boksi lile alinunua Bernadine, Jumatatu. Walt anatimiza miaka sitini Jumapili. Alisema, mume wangu ametimiza ahadi, nataka afungue moja bila kujificha, limetoka mkononi mwangu, halafu tuyafunge mambo haya. Akaniapisha nisimwambie mtu.”

Nilikasirika hadi nikakosa pa kuanzia. Zawadi gani hiyo! Ni sawa na kumpa mlevi chupa kwa kumpongeza kuacha. Lakini namfahamu Bernadine. Alikuwa amechoka kuishi na mtu anayenyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakuona njia nyingine ya kumwambia amemsamehe. Begi lile, aliniambia baadaye, alipanga kulipandisha juu Jumapili hiyohiyo baada ya keki.

Siku zile mbili nilikuwa na siri ya mke na siri ya mume tumboni, na zote mbili zilikuwa zinaiva Jumapili.

Tulikula adhuhuri tukiwa na makoti. Nyumba ilikuwa baridi hadi siagi haikupakika. Walt alikuwa amemwambia mkewe kwamba fundi ana kazi nyingi, atakuja katikati ya wiki, na Bernadine akamwamini, akawasha jiko la oveni na kuacha mlango wake wazi ili tupate joto. Kulikuwa na pierogi, yale maandazi ya kuchemsha, za vitunguu, majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama, na keki yenye mishumaa michache, kwa sababu, alisema, yote sitini ingeunguza pazia. Alikuwa na furaha. Sijui kama nimewahi kuona kitu kinachotisha kama furaha ya mwanamke yule siku ile.

Akaenda kabatini, akarudi na kitu kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya bluu, akakiweka mbele ya Walt.

Mtu aliyeshika maboksi mengi hahitaji kuondoa karatasi. Uso ulimpauka. Alilitazama boksi, akautazama mlango wa nyuma na begi, akanitazama mimi, na nikamwona akijumlisha kila kitu mle kichwani. Jamaa wa Ohio hayupo. La Alhamisi lilikuwa la tano tu, hili ndilo la sita. Kushoto alikuwa pale mezani, kati ya keki na bakuli la krimu.

“Fungua,” alisema Bernadine. “Ni la mwisho, na ni la halali, nimelinunua mimi. Nilidhani utavunja ahadi, Walt. Nilingoja kila siku uivunje, na hukuivunja.”

Walt aliweka mikono yake chini ya meza. Angeweza kulifungua akanyamaza. Angemtoa Kushoto, angelipa hita, na Bernadine asingejua hadi anaingia kaburini. Niliona wazo hilo likimjia na likikaa. Nakiri nilimtakia anyamaze, kwa kuwa sikutaka kuona uso wa Bernadine ukibadilika.

“Bernadine,” alisema. “Fundi hana kazi nyingi.”

“Unasemaje?”

“Sikufika kwake. Nilipitia kwa Rhonda, nikanunua lililobaki. Bahasha yote.”

Nta ya mishumaa ilikuwa inadondoka kwenye keki. Bernadine aliinama akaizima mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

“Ulimpata huyo mnayemtafuta?”

“Sikumpata.”

“Kwa hiyo, kwa hesabu zenu, yumo humu.”

“Kwa hesabu zetu, ndiyo.”

“Na ungeweza kufungua ukanyamaza.”

“Ningeweza.”

Alilichukua boksi, akalitia mfuko wa koti lake. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, nikajua hapa pana hatari.

“Kesho saa tatu asubuhi utanipeleka kwa Rhonda. Nitaliuza na nailoni yake hivihivi, tununue hita. Wewe utabaki ndani ya gari. Begi litakuwa kiti cha nyuma. Ukishusha hata mguu mmoja, kutoka pale unanipeleka stendi ya basi la Buffalo. Usiposhuka, tunarudi nyumbani wote wawili, na begi letu.”

“Duane atalinunua,” alisema Walt.

“Na alinunue.”

“Atalifungulia palepale, Bernadine. Dirishani, mbele ya macho yangu.”

“Najua wanapofungulia,” alisema, akaanza kukusanya sahani. Keki hatukuikata.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa wa kwanza dukani. Rhonda alishachoka na uongo, akawaeleza watu ukweli wote, na Duane kidogo aanguke na kiti. Alikwenda benki mbio akarudi mbio. Saa tatu pikapu ya Walt ikasimama mbele ya dirisha na injini ikazimwa. Alikuwa kwenye usukani, kichwa wazi, anatazama mbele kama anaendesha. Bernadine akaingia, akaliweka boksi kwenye kioo. Duane alimwekea pesa mbele yake kabla Rhonda hajafungua mdomo, tena zaidi ya bei.

“Pole, shemeji,” alisema Duane, na nadhani alimaanisha.

“Pole ni yako,” Bernadine alimjibu, akakunja pesa, akatoka na kupanda garini.

Nilingoja gari liondoke. Halikuondoka. Baadaye Bernadine aliniambia kwamba yeye ndiye aliyezuia. Alitaka kujua siku ile, si mwaka ujao, kama mumewe ataweza kujizuia.

Duane alichana nailoni. Akafunika kadi kwa kofia yake, akaanza kuchomoa, na watu wakasogea hadi nikabanwa na kaunta. Sikuwa naangalia kadi. Nilikuwa namwangalia Walt kupitia kioo. Ilipobaki ya mwisho tukavua kofia, na nilimwona akiona kofia zikitoka vichwani, akageuka mwili mzima, bega likagusa mlango wa gari.

Duane akaigeuza. Kisha akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, na duka zima likalipuka. Watu walipiga kaunta, wakakumbatiana, mmoja akarusha kofia ikanasa kwenye taa. Rhonda alilaza kichwa juu ya mashine ya pesa, mabega yakimtikisika kwa kicheko na machozi. Maana kadi ilikuwa ya Orrin Stubbs. Yuleyule, bima za mazishi, Nebraska, mwandiko mzuri. Katoni nzima haikuwa na Kushoto, wala hakuna aliyewahi kuahidi kwamba angekuwamo.

Lakini kwa mtu aliye nje, vioo vimepandishwa, ile ilikuwa sauti ya wanaume waliomwona Kushoto.

Yaliyotokea ndani ya gari nimeyapata kwa Bernadine. Walt alikuwa ameshika kitasa cha mlango, vidole vimekuwa vyeupe.

“Yumo,” alisema. “Umesikia? Yumo. Nilihesabu sawa, Bernadine. Nilihesabu sawa!”

Mlango ukafunguka kidogo, baridi ikaingia. Bernadine alitazama magoti yake na kuanza kuliaga jiko lake, na dirisha la juu ya sinki, na hata ile mashine ya kufulia. Anasema alikwisha kufika Buffalo kwa mawazo aliposikia mlango ukifungwa. Alipoinua uso, Walt alikuwa analia waziwazi, kamasi zikimtoka, anatafuta ufunguo wa gari ambao tayari ulikuwa mahali pake.

“Funga mkanda, mama,” alisema. “Tumuwahi fundi.”

Hita ilifungwa siku ya pili. Begi likapanda juu. Kofia ya rangi ya chungwa bado iko kwenye msumari wa Rhonda, maana Walt hajaingia mle tangu siku ile. Kaunti imempa nyingine. Akipita na gari lake la theluji hupunguza mwendo, anatuinulia mkono, anaendelea.

Bernadine aliambiwa na Rhonda kilichokuwamo. Alinijia hadi mlangoni kwangu, na unga mikononi. “Norb, ukimwambia, usikanyage tena kwangu.” Hakuhitaji kunitishia. Duane alikuwa ameitupa kadi yake kwenye sanduku langu la senti kumi kwa hasira, nami nikailipia na kuificha nyumbani ndani ya kopo la misumari. Ni kadi pekee niliyowahi kuificha. Ninaogopa kila Walt anapokuja kuazima misumari, nakimbilia kumchagulia mimi, na ananiuliza tangu lini nimekuwa bahili wa misumari.

Mara moja tu aliniuliza. Ilikuwa Jumapili, tumeshakula, Bernadine yuko kwenye sinki.

“Norb, wewe ulikuwepo. Ile kadi. Ilikuwa nzuri?”

Maji yakakatika jikoni. Bernadine alikuwa amefunga bomba.

“Sijawahi kusikia duka lile likipiga kelele namna ile,” nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatabasamu, akajinyoosha kwenye kiti chake. Suruali zimeanza kumbana tena.

“Ilikuwa yangu,” alisema. “Na niliiacha.”

“Uliiacha, Walt.”

Bomba likafunguliwa tena, na Bernadine akaendelea kuosha sahani.